Mlenda wa Mama Uliogeuzwa Bangi

Nina miaka ishirini na saba. Ninaandika nikiwa nimejifungia chumbani kwa mama, kijijini kwetu Makutupora. Nje wenzangu wanavuna zabibu. Mimi hata pazia sifungui…

Nilikuwa mpishi wa shule mjini Dodoma. Kila nikitoka kijijini, mama hunifungia mlenda, mboga ya majani iliyokaushwa, kama afanyavyo kila mama wa Kigogo mwanawe anaporudi mjini.

Siku hiyo askari walisimamisha basi letu na kukagua mizigo. Mfuko wangu ukafunguliwa… majani makavu, ya kijani! Pembeni alikuwepo Festo na kamera yake, akirekodi ukaguzi. Festo ni mwana wa mama mdogo, mwandishi wa habari za mtandaoni, tumekula sahani moja tangu utotoni. Jamani, nilifurahi kumwona!

"Kaka, hebu waambie ni mlenda!"

Alinisogezea kamera usoni.

Askari mmoja wa makamo akanusa, akacheka. "Mwacheni binti wa watu. Huu hata mke wangu anaupika."

Nikaachiwa palepale. Lakini kabla hatujafika mjini, uso wangu ulikuwa kwenye simu za abiria wenzangu: MPISHI WA SHULE ANASWA NA BANGI! Kicheko cha askari kilikatwa. Na kwamba mimi ni mpishi wa shule, Festo alijuaje, kama si kwa undugu wetu?

Kesho yake wazazi walijaa getini. Mwalimu mkuu aliniamini, ila alisema hana ubavu wa kushindana na simu za watu. Kazi ikaisha.

Nilimfuata Festo nikilia. "Dada, bangi kila mtu anaifungua," akasema. "Mlenda nani ataufungua? Wakubwa wangu kazini wanaangalia idadi ya watazamaji tu. Nisipowaletea, naondoka mimi."

Marekebisho aliyaweka. Nani aliyatazama? Hata shambani naulizwa, "Si wewe yule wa bangi?" Niende wapi mimi!

Krismasi Festo alikuja kwetu. Mama akampakulia ugali na mlenda, akala mpaka akaramba vidole. Akaomba wa kuondoka nao, kisha akaninong'oneza, "Dada, tia kwenye mfuko usioonyesha ndani."

Nilimtilia kwenye kopo la plastiki linaloonyesha mpaka chini.

Ndugu wasomaji, mkiona mtu amenaswa kwenye video, msiisambaze kabla hamjajua kilichokatwa. Festo alipiga picha tu… mlango huu mliufunga ninyi, kwa vidole vyenu.