Kizibo cha Salvu

Jumapili soko la Birgu, kule Malta, hujaa hata kuku wa kuuzwa wakakosa pa kugeuzia shingo. Katika msongamano huo wa Novemba, Rożanna, mjane wa miaka miwili, gauni jeusi na viatu vyekundu visivyojua habari za msiba, alimkanyaga muuza udongo na vyungu vya maua aitwaye Wistin.

"Pole, bibie," Wistin akasema, mguu juu. "Ungenikanyaga na wa pili, ningekuposa hapa hapa."

"Kwanza mtibu huyu." Rożanna akatoa jani moja kwenye mfuko wa mkate.

Lilikuwa jani la bangi, changa, manjano tupu. Mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Ncha zimeungua.

"Miche mingapi?"

"Minne, kama sheria inavyoruhusu. Mitatu imekufa. Huu wa mwisho ni chipukizi la mche wa marehemu mume wangu. Ndiyo uliomtuliza maumivu mpaka siku yake. Mimi hata sivuti."

"Na mbolea?"

"Kila wiki. Ukififia, naongeza."

"Mtoto kafungwa mdomo, wewe unazidi kumpakulia. Chakula kimo chunguni, mama, ila udongo umekosa uchachu, mizizi haiwezi kukishika. Unamwagilia maji ya bomba?"

"Ya bomba."

"Maji ya bomba ya Malta ungeweza kupigia ukuta lipu. Tumia ya kisima cha mvua kilicho chini ya nyumba. Mbolea acha kabisa."

Rożanna akampa namba yake ya simu. Kwa ajili ya mche, alisema.

Wiki hiyo mche ulipigiwa simu mara tisa.

"Mgonjwa kaamkaje?"

"Yupi, mche au mimi?"

"Anza na mwenye viatu vyekundu."

Alhamisi Wistin alialikwa kahawa. Akaja na shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu, na mfuko wa vitumbua vya tende. Chumba kilinukia sigara za mtu asiyekuwepo. Koti lake lilikuwa bado mlangoni. Upepo ukavuma. Juu ya paa kikasikika kitu: ko, ko, ko.

"Nani huyo?"

"Salvu, marehemu wangu," Rożanna akajibu huku akimimina kahawa. "Kila upepo ukija. Namwambia nyamaza, hasikii."

Wistin aliacha kikombe nusu. Ukishapigwa na maisha unajifunza kutogombana na wenye nyumba.

Siku ya kumi ya maji ya kisima, simu ililia kibandani kwa Wistin.

"Yamebaki majani manne," Rożanna alisema kwa sauti ya chini. "Nimemwagilia maji ya kisima uliyosema. Ulitaka Salvu atoke ndipo uingie, sivyo? Basi amekufa mara ya pili. Furahi."

"Rożanna, nisikilize."

Simu ikakatika.

Wistin hakupiga tena. Alifunga kibanda mchana, akachukua chupa yake ya dawa ya kupimia maji na ndimu sita, akaenda kusimama mlangoni kwa Rożanna.

"Sikuja kunywa kahawa. Nipe maji ya kisima, nipime, halafu nifukuze."

Akadondosha dawa kwenye bilauri. Ikiwa manjano, maji yana uchachu wa kutosha. Ikiwa bluu, yana chokaa. Yakawa ya zambarau, kama joho la padri wakati wa Kwaresima.

"Haya kwa chokaa yameshinda hata ya bomba. Paa alilipaka nani chokaa?"

"Mimi. Septemba, kama Salvu kila mwaka."

"Na mvua za kwanza zikaenda wapi?"

"Kisimani. Ziende wapi tena?"

"Mdomo wa kisima huzibwa, mama, mpaka paa lioshwe. Kila mwenye kisima anajua."

"Hakuwahi kuniambia. Alikuwa anapanda tu, anashuka."

Ko, ko, ko.

Wakatazamana, wakapanda. Nyuma ya tangi la maji, kwenye msumari, kilining'inia kizibo cha mti kilichoviringishwa tambara, kikigonga ukuta. Ubavuni palikuwa na tarehe za kuziba kisima kwa penseli, za Septemba ya kila mwaka kwa miaka minane, mwandiko wa Salvu, ya mwisho imetetemeka.

Rożanna aliketi sakafuni, gauni jeusi likageuka jeupe kwa chokaa. "Miaka miwili anagonga, nami namwambia anyamaze."

Wistin alikamua ndimu tone kwa tone kwenye maji ya kisima mpaka dawa ikageuka manjano, akauosha udongo wa chungu mara tatu, maji yakavuja chini na chumvi zote za mbolea. Kizibo akakifungia kabatini, mama huyu apate utulivu.

Baada ya siku kumi na mbili simu ililia.

"Limetoka moja. Kijani."

"Na wewe?"

"Njoo uone."

Alikuja, shati limepigwa pasi pande zote.

"Septemba ijayo," alisema, "nataka tarehe ya kizibo niandike mimi. Na ya baada yake. Nakuposa, Rożanna, ingawa sijakanyagwa tena."

Rożanna akaligusa jani jipya. "Chini ya mwandiko wake, siyo juu yake."

"Chini yake."

"Na kizibo ukirudishe msumarini. Nyumba imekuwa kimya mno."

Wistin akapanda, akakitundika, akashuka. Rożanna alikuwa amemimina vikombe viwili. Upepo ukaja kutoka bandarini.

Ko, ko, ko.

"Karibu," Wistin akasema, akavuta kikombe cha tatu.