Nilimsamehe Mdogo Wangu kwa Kosa Langu Mwenyewe

Nina umri wa miaka arobaini na tatu, ni mama wa mapacha, na riziki yangu ni mashine ya kudarizi hapa Sumbawanga mjini. Nembo za masweta ya shule, vitambaa vya harusi, mavazi ya kanisani... yote natengeneza. Ndugu wasomaji, mkisikia watu wananitaja kwa ukali msishangae. Nina mdomo, sikatai. Mdomo huo ndio ulionifikisha hapa.

Yustina ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nilipojifungua mapacha, mume wangu aliondoka akisema anakwenda kutafuta maisha, na mpaka leo anayatafuta. Yustina alikuwa kidato cha pili. Akaacha shule kijijini kwetu Kate, akaja kunilelea wanangu, na hakurudi tena darasani. Hakuwahi kunidai hata asante. Je, mimi nilimlipa nini? Nisikilizeni.

Mashine ilipofika, fundi kutoka Mbeya alikuja kuifunga na kutufundisha. Alituonyesha kukaza na kulegeza uzi, kubadilisha sindano kabla haijawa butu, na kusafisha vumbi la nyuzi kwa brashi. Akasisitiza jambo moja kuliko yote: kila asubuhi, tone moja la mafuta ya mashine pale chini, kwenye chuma kinachoizunguka bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Mimi nilisahau nusu ya mafunzo. Yustina hakusahau hata moja. Alikuwa akisikia mlio tu, anajua uzi wa juu umekaza mno. Wateja wakawa wanamwita yeye fundi, mimi mama mwenye mashine. Niseme ukweli? Iliniuma kidogo.

Ikafika kipindi mafuta ya mashine yakaadimika. Duka tulilozoea wakaniambia nisubiri mzigo. Nisubiri mpaka lini, na kazi zimejaa? Mama alikuwa ameniletea dumu la mafuta ya alizeti kutoka Kate, yamekamuliwa vizuri, yanang'aa. Kwetu mnyororo wa baiskeli tunapaka hayo hayo, bawaba ya mlango hayo hayo. Nikasema mafuta ni mafuta. Nikajaza kile kichupa cha mashine, nikipanga iwe kwa siku mbili tatu tu... Kisha nikasahau kabisa! Wala sikumwambia Yustina. Naye kila asubuhi, bila kukosa, aliweka tone lake.

Ulipoingia mwezi wa sita, na baridi ya huku kwetu mnaijua, mashine ikaanza vituko. Uzi unakatika kila dakika. Sindano zinavunjika. Mlio ukawa mzito, wa kukwaruza. Yustina akasafisha, akakaza, akalegeza, wapi! Wakati huo huo nikasikia kwamba mama mmoja aliyefungua duka la kudarizi ng'ambo ya barabara amemwomba Yustina ahamie kwake. Kumbe Yustina alishakataa, lakini hilo sikuuliza. Nilisikia nusu, nusu nyingine nikajijazia mwenyewe.

Ndipo ikaja kazi ya kasula. Kijana wa parokia ya nyumbani alikuwa anapewa upadri, na waumini walichanga kununua kitambaa cheupe cha vazi la misa yake ya kwanza. Wakaniletea mimi, binti yao. Siku ya kudarizi, wamama watatu kutoka nyumbani walikaa dukani wakitazama. Mashine ilifika katikati ya kifua, kwenye mchoro wa kalisi, kile kikombe cha misa, ikakwama. Nyuzi zikajisokota kwa chini, sindano ikakivuta kitambaa ndani ya tundu lake, kikachanika!

Damu ilinipanda kichwani. Nikamgeukia Yustina, nikamwambia amelegeza skrubu makusudi ili mimi nifilisike, yeye ahamie ng'ambo. Alijaribu kusema, nikamkatiza. Alijaribu tena, nikampandishia sauti. Mbele ya wale wamama nikamwambia hana shule, hana mume, hana mtoto, ndiyo maana roho yake imejaa wivu. Hana shule... na shule yenyewe aliiacha kwa ajili ya wanangu! Alifunga kanga yake, akachukua mfuko wa nguo, akaondoka. Wanangu walimkimbilia mpaka barabarani, mimi nikawarudisha kwa fimbo.

Kasula ikadariziwa kwa yule mama wa ng'ambo. Aibu niliyoipata naijua mwenyewe.

Wiki iliyofuata fundi wa Mbeya akaja. Akafungua kile kibati cha chini ya sindano, akatoa chuma cha bobini. Kilikuwa kimegandiwa na kitu cha rangi ya kahawia, kinanata kama ulimbo. Fundi akakinusa, akacheka, akaniuliza kama tunakaangia maandazi humo. Kisha akaacha kucheka.

"Haya ni mafuta ya kula, mama. Yamekauka, yakawa gundi. Nani aliyeyaweka?"

Nililiona lile dumu, nikajiona mimi mwenyewe nikimimina. Hapo ndipo ningeweza kuokoa kila kitu, wasomaji wangu... Badala yake nikasema, "Ni mdogo wangu. Ameshaondoka."

Fundi aliloweka vyuma, akasugua, akapanga upya mwendo wa sindano, na jioni mashine ilikuwa nzima. Lakini ule uongo haukubaki dukani. Mjini kote ikajulikana kwamba Yustina aliitia mashine ya dada yake mafuta ya kula ili aiue. Hata yule mama wa ng'ambo akamkataa. Nasikia alizunguka kila penye cherehani akiomba kazi, hakuna aliyempokea. Akaenda mji mdogo wa Matai, akawa anaziba viraka vya nguo kuukuu kibarazani kwa watu. Mimi nikakaa kimya. Kila siku nilijiambia kesho nitasema.

Kisha mama akaugua. Tuliitwa wote wawili nyumbani Kate. Wale wamama wa kasula walikuwa wameshamsimulia, na ile habari ilimchoma kuliko ugonjwa wenyewe. Alikuwa amebaki mifupa. Akamwita Yustina karibu, akamwambia kwa sauti ya kukatika, "Mwombe dada yako msamaha, nife nimewaona mnapatana."

Yustina akapiga magoti mbele yangu. "Dada, naomba unisamehe."

Na mimi, mwanamke mzima, nilisema, "Nimekusamehe."

Nilisema! Mama akashika mikono yetu, akaiunganisha. Alikufa keshokutwa yake.

Baada ya matanga sikuweza kula wala kusimama mbele ya ile mashine. Nikapanda gari hadi Matai. Yustina alinipokea kwa shikamoo, akanichemshia maji ya kuoga, akanipikia ugali wa ulezi na samaki wa migebuka, kama mgeni wa heshima. Nilipomaliza kula nikamwambia kila kitu huku nalia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Najua, dada. Niliona mafuta yamebadilika rangi, nikasema dada anajua anachofanya. Uliponifukuza ndipo nikafikiri, nikaelewa."

Nikamuuliza kwa nini basi alipiga magoti.

"Mama alikuwa anakufa. Sikutaka aondoke akitusikia tunabishana. Nilidhani utasema wewe." Akakusanya vyombo. "Mama ndiye aliyetakiwa kusikia. Sasa umekuja kumwambia nani?"

Kesho yake nilipanda gari kurudi Sumbawanga.

Nimewaeleza wale wamama watatu. Nimesimama kwenye jumuiya yetu ya kanisani nikasema mbele ya watu, na sasa naandika hapa ili yeyote aliyesikia ule uongo asikie na huu ukweli. Yustina ananipokelea simu, anawaulizia wanangu, ananitakia kazi njema. Kurudi hajarudi, na sina uso wa kumwomba.

Ndugu zangu, mgeni akikuharibia kitu unamuuliza kwanza. Kwa nini wa damu yako umhukumu bila kumsikiliza? Na kama yupo uliyemsingizia, na mzazi wenu bado anapumua, weka habari hii chini uende. Usiimalize. Nenda leo hii, useme mzazi akiwa anasikia.