Dirisha Linalofunguka kwa Ndani

Kila siku alasiri, kelele za karakana ya Baba Cheche zilinyamaza kidogo. Fundi aliinua miwani yake nyeusi, akafuta jasho, akasubiri binti yake apite.

Baba Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Watoto wa mtaa walimpa jina hilo kwa sababu ya cheche zilizoruka uani kwake kutwa nzima. Binti huyu alikuwa kitindamimba wake, mwanafunzi wa darasa la mwisho la shule ya msingi. Alirithi jina la bibi yake mzaa baba. Kwa hiyo baba yake alimwita "mama", na kwa utani alimwamkia yeye kwanza.

"Shikamoo, mama. Safari ya wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Naenda kufungiwa."

Ndivyo walivyosema watoto wa mji ule. Kila alasiri darasa la mwisho liliingia maktaba ya shule kujisomea. Wakishaingia, mtunza maktaba alitoka nje, akafunga mlango kwa kufuli, akaenda zake na ufunguo kiunoni. Jua likikaribia kuzama, alirudi kuwafungulia. Watoto waliiita saa ya kufuli.

Wazazi waliipenda saa hiyo. Mtoto hatoroki kwenda mpirani. Kitabu hakitoroki kwenda sokoni kufungia karanga. Tangu kufuli lianze, watoto walifaulu zaidi, na aliyeuliza swali juu yake alitazamwa kama mchawi.

Na madirisha? Grili za madirisha zilikuwa kazi ya Baba Cheche mwenyewe. Alizitengeneza kwa nondo nene, katikati akaweka jua la chuma lenye miale. Mgeni akipita mtaani, hakuondoka bila kuonyeshwa.

"Mwizi aje na ukoo wake mzima," Baba Cheche alipenda kusema. "Hapo watajikuna vichwa, kisha watarudi kwao kulala."

Siku hiyo jirani yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, akingoja jiko lake la mkaa lichomelewe mguu. Jirani huyu alikuwa askari wa zimamoto. Kituo chake kilikuwa mji mkubwa, naye alirudi nyumbani siku za mapumziko. Alikuwa rafiki wa mke wa fundi, kwa hiyo yeye na fundi waliitana shemeji.

"Shemeji," akasema, "zile grili za maktaba zinafunguka?"

"Zifunguke ili iweje? Mimi natengeneza grili, sishoni mapazia."

"Moto ukiwaka mle ndani, watoto watatokea wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango una kufuli."

"Ufunguo anao mtunza maktaba."

"Na yeye yuko wapi sasa hivi?"

Baba Cheche akatazama ng'ambo ya barabara. Kwenye kibanda cha kinyozi, mtunza maktaba alikuwa amelaza kichwa nyuma. Povu la sabuni lilijaa kidevuni. Macho ameyafumba. Ufunguo uling'aa kiunoni mwake.

"Si yule pale," fundi akajibu.

"Leo yuko pale. Kesho atakuwa msibani. Na moshi, shemeji, haungoji mtu anawe povu." Jirani akasogeza kigoda karibu. "Unalikumbuka ghala la magunia?"

Alilikumbuka. Wengi walikuwa wamelisahau, maana mji ule ulikuwa na ugonjwa wa kusahau, na wapo walionenepa kwa ugonjwa huo. Zamani kina mama walishona magunia katika ghala lile. Tajiri aliwafungia kwa nje wasije wakatoka na uzi. Uzi! Ghala likaungua mchana kweupe. Wakubwa walikuja na magari yao, wakavaa nyuso za msiba, wakasema ni mapenzi ya Mungu, wakala, wakaondoka. Habari ya kufuli hakuna aliyeigusa. Kana kwamba Mungu ndiye aliyeufunga ule mlango.

"Mama yangu walimkuta nyuma ya mlango," jirani akasema. "Wote walikuwa nyuma ya mlango."

Fundi aliweka chini kifaa chake.

"Sikiliza," jirani akaendelea taratibu. "Moto hauui kwa ndimi zake peke yake. Mara nyingi moshi ndio unaotangulia kuua. Moshi hupanda juu. Hewa inayofaa hubaki chini, karibu na sakafu. Kwa hiyo mtu ainame, atambae, azibe mdomo na pua kwa nguo. Lakini atambae kwenda wapi, kama hakuna pa kutokea? Na usiniambie habari ya gari letu la zimamoto. Mpaka lifike hapa kutoka mji mkubwa, tutakuja kumwagia majivu."

Alipoondoka na jiko lake, Baba Cheche alivuka barabara na uwanja wa shule mpaka kwenye dirisha la maktaba. Akachungulia. Watoto walikuwa wamejazana mezani kama njugu kwenye pakacha. Magazeti ya zamani yalirundikwa hadi dari. Waya wa ekstensheni ulipita chini ya zulia, ukaishia kwenye kona penye feni na simu za walimu zikichajiwa. Zulia juu ya waya lilikuwa limegeuka rangi, jeusi kama chungu.

Alishika nondo, akazitikisa. Hazikutikisika. Aliweka mguu ukutani, akavuta kwa nguvu zote. Kazi yake mwenyewe ilimkatalia.

Binti yake akainua uso kutoka kitabuni, uso umekatwakatwa na miale ya lile jua la chuma.

"Baba, na wewe umekuja kuiba vitabu?"

Watoto wakacheka. Yeye hakuweza kucheka.

Jioni alimweleza mkewe. Mkewe alikuwa akichambua mchele. Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Basi mtoto haendi tena," akasema.

"Na wa wenzetu?"

"Wa wenzetu wana baba zao."

"Baba zao hawakutengeneza zile grili, mke wangu."

Binti alikuwa anasikiliza mlangoni. "Mimi nitakwenda," akasema. "Mtihani umekaribia. Hapa nyumbani kitabu chenyewe ni kalenda."

Basi baba akamkalisha, akamfundisha alichofundishwa: moshi uko juu, hewa iko chini, inama, tambaa, ziba pua kwa nguo, usijifiche chini ya meza. Akayarudia mara mbili. Binti akaitikia kama anayekariri shairi.

Asubuhi fundi alikwenda kwa mwalimu mkuu.

"Ndugu fundi," mwalimu mkuu akamwambia, "kabla ya kufuli tuliibiwa mpaka tukabaki na kamusi inayoanzia katikati. Sasa unataka tuwaachie mlango wazi?"

"Nataka watoto waweze kutoka, mwalimu."

"Hofu zako nimezisikia. Zitapelekwa kwenye kikao."

"Lini?"

"Kikao kitakapoitishwa."

"Anayekiitisha ni nani?"

"Ni mimi," mwalimu mkuu akasema, akainuka kumsindikiza.

Alasiri ikafika. Binti akapita, wakaamkiana, akaenda. Baba Cheche aligeuza benchi lake la kazi ili aielekee maktaba. Nyundo kubwa na tindo aliviweka karibu na mguu. Alijiambia ni wasiwasi tu. Kila mlango ulipogonga mahali, aliinua kichwa.

Mara umeme ukakatika. Mtaa mzima ukanyamaza. Kisha ukarudi kwa kishindo, taa ya karakana ikapasuka juu ya kichwa chake. Akatazama maktaba. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka juu ya dirisha la kona, polepole, kama wa mtu anayevuta sigara kwa siri.

Hakukumbuka alivyovuka barabara.

"Ufunguo!" alipiga kelele kwa kinyozi akipita. "Mtunza maktaba yuko wapi?"

"Amekwenda msibani," kinyozi akajibu.

Moshi sasa ulikuwa mzito. Ndani watoto walikuwa wanalia. Mikono ilitoka katikati ya nondo, midogo, ikishika hewa. Baba Cheche alikimbilia mlangoni. Komeo lililoshika kufuli alilichomelea yeye mwenyewe. Alijua upande wa kulia ulipigwa haraka siku ile mvua ilipoanza kunyesha. Akaweka tindo pale. Akapiga. Akapiga tena. Mkono ulichubuka, tindo likateleza, akaliokota, akapiga. Komeo likaachia.

Akasukuma mlango. Haukusogea.

Ulifungukia ndani. Na watoto wote walikuwa nyuma yake, wamejibana, kila mmoja akisukuma kutoka. Kadiri walivyotaka kutoka, ndivyo walivyozidi kujifungia. Nyuma ya mlango. Wote nyuma ya mlango.

"Mama!" akaita, mdomo kwenye ufa. "Mama, unanisikia? Warudi nyuma! Walale chini!"

Kwa muda hakusikia ila kikohozi. Kisha sauti ya binti yake, ya ukali kama ya bibi yake: "Nyie, laleni! Hewa iko chini! Rudini nyuma, mlango ufunguke!"

Mlango ukasogea upana wa kiganja. Kisha upana wa bega. Mtoto wa kwanza akatoka akitambaa, nguo mdomoni, kisha wengine, wakikohoa, macho yamevimba. Binti yake alikuwa miongoni mwa wa mwisho, akimvuta mwenzake aliyeungua mkono. Wazazi waliokuja mbio wakamalizia moto kwa mchanga, baada ya kinyozi kuzima umeme kwenye swichi kuu. Watoto wote walitoka hai. Kwa tundu la sindano.

Siku iliyofuata wazazi walijaa uwanjani. Mwalimu mkuu alisimama, akaanza: "Tumshukuru Mungu kwa kuwa..."

"Mungu tumeshamshukuru tangu jana," mama wa mtoto aliyeungua akamkata. "Sasa tunazungumza na wewe. Kufuli lilikuwa la nani?"

Mtunza maktaba alikuwa pembeni. Ufunguo alikuwa ameushika mkononi kama mtu aliyeshika nyoka, hajui autupe wapi.

Jirani wa zimamoto akaombwa aseme. Hakutoa hotuba. Aliwachukua wazazi, akawapeleka mpaka mlangoni.

"Mlango huu ufungukie nje," akasema, "ili watu wakisukuma, ufunguke. Na mtu akiwa ndani, hata mmoja, kufuli lisiwepo. Lisiwepo kabisa. Si kwamba ufunguo uko karibu."

"Na wezi wa vitabu?" mzazi mmoja akauliza.

"Mtunza maktaba akae hapa mlangoni, ndani, si kwa kinyozi. Mikoba ibaki kwenye rafu ya nje. Mwizi wa kitabu anazuiwa na macho. Kufuli mnafungia vitabu usiku, watoto wakiwa kwao."

Akawaonyesha waya ulioungua. Waya haupiti chini ya zulia, akasema, maana joto lake linakosa pa kwenda. Soketi moja haibebi mzigo wa nyumba nzima. Magazeti yakae mbali na umeme. Kisha akagonga grili kwa kidole.

"Na dirisha moja, angalau moja, liwe na bawaba. Lifunguke kwa ndani, kwa komeo la kusukuma kwa mkono, bila ufunguo. Mtoto mdogo kuliko wote aweze."

Mwalimu mkuu akakohoa. "Ni mawazo mazuri. Tutaunda kamati ndogo itakayo..."

"Kamati ndogo iliundwa hata ghala la magunia lilipoungua," Baba Cheche akasema. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa. "Nilikuwa kijana, nakumbuka. Mpaka leo haijakaa. Mimi grili nilizifunga kwa mikono hii, naenda kuzifungua kwa mikono hii. Anayetaka kunizuia aje asimame mbele ya cheche."

Hakuna aliyesimama. Waliosogea, walisogea kumbebea nyaya. Seremala aligeuza mlango ukafungukia nje. Fundi umeme alivuta soketi mpya ukutani. Baba Cheche alikata lile jua lake la chuma katikati, jua alilojivunia kwa wageni wote, akalitia bawaba. Kisha akamwita mtoto mdogo kuliko wote shuleni, akamwambia asukume. Mtoto akasukuma kwa kidole. Jua likafunguka.

Tangu hapo walifanya zoezi. Kengele ikilia mfululizo, watoto waliacha kila kitu, wakatoka kwa mstari mpaka kwenye mlingoti wa bendera, wakahesabiana. Mara ya kwanza walicheka na kusukumana. Jirani akawarudisha ndani, wakaanza upya. Mtunza maktaba ndiye aliyekuwa wa kutoka mwisho, na alitoka mwisho kweli. Vitabu? Viliibiwa vichache kuliko zamani, maana sasa palikuwa na mtu mlangoni.

Lakini hofu haikumtoka Baba Cheche. Aliendelea kufanya kazi akiielekea maktaba.

Wiki moja kabla ya mtihani, upepo ulivuma, umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo kile kile. Kengele ya shule ikaanza kulia mfululizo. Aliona moshi. Safari hii ulikuwa juu ya dari, kwenye waya wa zamani ambao hakuna aliyeuona. Akanyakua nyundo na tindo, akakimbia.

Mlango ulikuwa wazi. Lile dirisha lilikuwa wazi. Ndani hapakuwa na mtu.

Akazunguka jengo, nyundo mkononi. Watoto walikuwa wamesimama kwenye mlingoti, mstari mmoja. Mtunza maktaba alikuwa anapumua kwa nguvu nyuma yao. Mbele alisimama binti yake, kidole hewani, akimalizia kuhesabu wenzake.

Akamwona baba yake, jasho linamtiririka, nyundo imeinuliwa.

"Baba," akasema, "umechelewa. Tumeshatoka."