Mlango Uliofungwa Asubuhi ya Mtihani

Ndugu zangu, nipeni masikio kidogo, maana nyumba ninayoisimulia ingeweza kuwa ya jirani yenu, au yenu wenyewe.

Ilikuwa jioni tulivu. Fundi cherehani alikuwa ameisogeza mashine yake ukutani, na mezani palijaa vipande vya kebo. Binti yake alishika nyaya nyembamba akiimba, "Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu..." Mama, fundi mwenyewe, akamalizia, "Nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia." Wakacheka. Baba, kinyozi wa mtaa, alikuwa akizipaka mafuta mashine zake za kunyolea, naye akatabasamu.

Mama huyu alikuwa akisoma mitandao ya kompyuta katika madarasa ya jioni ya chuo cha jamii. Macho yake yalikuwa yamechoshwa na sindano. Shule ya sekondari ya jirani ilikuwa imemwahidi kazi ya kutunza chumba cha kompyuta, ilimradi apate cheti kabla ya muhula kufunguliwa. Alichobakiza ni mtihani tu.

Sasa sikieni jinsi neno linavyobomoa nyumba.

"Shemeji yetu anasoma nini vile?" mteja mmoja alimuuliza kinyozi, kitambaa kikiwa shingoni.

"Mitandao," kinyozi akajibu kwa fahari.

"Mitandao? Wangu anaisoma kitandani, tena bure." Watu wakaangua kicheko. "Kinyozi, wewe nyoa vichwa vya wenzako. Chako kinanyolewa chuoni."

Naye alicheka, lakini maneno yale alirudi nayo nyumbani.

Chuoni, njia ya kuingilia kwenye kompyuta waliiita mlango. Mama aliazimwa kompyuta ya kufanyia mazoezi nyumbani, na jirani yake wa darasani akawa anajaribu kuifikia kwa mtandao kutoka nyumbani kwake. Wenyewe walisema wanabishiana hodi. Kwenye simu yake, mama alimwandika jirani huyo "Mwenzangu wa Meza".

Jioni ya kuamkia mtihani, mama akiwa bafuni, simu yake ilipata ujumbe kutoka kwa "Mwenzangu wa Meza". Kinyozi akausoma: "Mchana nimebisha, mlango wako haukujibu. Leo uache wazi, niingie mara moja tu."

Akaitia simu mfukoni. Hakuuliza. Ndugu msomaji, shika hapo hapo: hakuuliza.

Asubuhi, mtoto alipokwisha kwenda shule, mama alivaa gauni alilolishona mwenyewe kwa ajili ya siku ile. Akavuta mlango, ukagoma. Mumewe alikuwa nje, upande wa pili wa nondo za dirisha, ameshika ufunguo.

"Baba watoto, fungua. Nachelewa."

"Mwenzako anataka mlango wako uwe wazi. Mimi nimeufunga."

"Mwenzangu wa meza? Huo ni mlango wa kompyuta."

"Kumbe kompyuta ina mlango," alisema taratibu. "Na kitanda je, kinao?"

Akaenda kazini. Mama aliita mpaka sauti ikakauka. Majirani walimsikia. "Hayo ni ya mke na mume," wakasema, wakaendelea kuanika nguo.

Jioni, kinyozi alipokuwa akifungua kufuli, bibi mmoja mwenye mvi, mstaafu wa posta, alifika akihema.

"Hodi, baba. Namuulizia mwenzangu wa meza. Hakutokea mtihanini. Na jana nilimwandikia auache mlango wa kompyuta yake wazi, hakunijibu."

Kinyozi akaitoa simu ya mkewe mfukoni. "Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi, baba. Kwani nilikosea?"

Kesho yake alikimbia na mkewe chuoni, akaomba, akapiga magoti. Waliambiwa wasubiri mtihani wa mwaka ujao. Shule haikusubiri, ikamwajiri mtu mwingine. Kinyozini alieleza ukweli, akidhani wenzake watamhurumia. Tangu siku hiyo, kila mteja akifika husimama kizingitini na kuuliza, "Hodi, mlango uko wazi?" Kisha wote hucheka.

Mama aliirudisha kompyuta ya watu. Humpikia mumewe, humfulia, humjibu akiulizwa. Zaidi ya hapo, hasemi naye.

Siku moja binti aliokota kipande cha kebo chini ya cherehani. "Mama, baada ya buluu inafuata ipi?"

Mama aliweka mguu kwenye pedali.

"Sijui," akasema, akaendelea kushona.

FUNZO

Jamani, neno usilolielewa liulize kwa mwenye nalo, kabla hujalitolea hukumu. Wanaokuchekesha leo kwa jina la mkeo watakucheka wewe kesho, na hawatakusaidia kujenga ulichobomoa. Na sisi tuliosikia mtu akiita nyuma ya nondo tukashughulika na nguo zetu, tusiseme hatukuhusika. Mimi bado naamini mama yule anaweza kurudi darasani. Lakini atakaporudi, binti yake atakuwa amekwisha kujifunza jambo moja ambalo hakuna mwalimu atakayemfutia: kwamba mtu anaweza kufungiwa ndani na mtu anayempenda, mchana kweupe, na mtaa mzima ukasikia.