Dirisha la Bluu na Paka Mkaguzi

Kila alasiri, Chiriku akitoka shule, alivua viatu mlangoni na kwenda moja kwa moja chumbani kwa Bibi. Jina hilo alipewa na marehemu Babu, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba, Chiriku wangu. Haya, mwaga habari."

Bibi alikuwa akiketi karibu na dirisha, na kwenye ukingo wa dirisha hilo alilala paka wa kijivu aliyeitwa Mkaguzi. Jina hilo nalo lilitoka kwa Babu. Paka yule hakuamini kitu mpaka akikague mwenyewe. Sufuria ikifunikwa, alikuja kunusa. Mgeni akiingia, viatu vyake vilikaguliwa kwanza. Babu alipokuwa hai, walikaa hapo wote watatu wakimsikiliza Chiriku, na Babu alicheka mpaka akakohoa.

Dirisha lenyewe lilikuwa la mbao, na Babu ndiye aliyelipaka bluu kwa mikono yake. Tangu afariki, hakuna aliyeligusa. Rangi ilikuwa imeanza kubanduka, na mara nyingine Bibi alipitisha kidole juu yake akanyamaza kwa muda mrefu. Chiriku hakupenda ukimya ule.

Siku moja Bibi alisafiri kwenda kumtembelea shangazi. Mama akamwita Chiriku jikoni.

"Unaonaje tukimpakia Bibi dirisha lake rangi? Akirudi alikute kama enzi za Babu."

Chiriku aliruka kwa furaha. Walikwenda stoo, na huko nyuma ya ndoo kuukuu wakakuta kopo la Babu limewekwa kichwa chini miguu juu, kama alivyozoea kuyaweka makopo yake ili hewa isiingie na rangi isigande juu. Mama alipofungua kifuniko, harufu kali ilijaa stoo nzima. Mara moja Chiriku alimwona Babu amevaa shati lake lililochakaa, madoadoa ya bluu yakiwa yameingia mpaka kwenye ndevu.

"Harufu yake kabisa," Mama alisema, akajifuta macho.

Walikuwa wamejawa na kumbukumbu kiasi kwamba hawakujiuliza ni kitu gani hasa kilichokuwa kikinuka vile.

Wakasugua mbao kwa msasa, vumbi la bluu likatimka, kisha wakaanza kupaka. Kazi ilipokaribia kwisha, nani akaja? Mkaguzi, bila shaka. Alipenya mlangoni, akaruka juu ya ukingo wake kama kawaida, na miguu yote minne ikawa ya bluu.

Mama alicheka, akamshusha, kisha akatoka kumfungulia jirani aliyekuwa akibisha hodi. Chiriku akakumbuka jinsi Babu alivyosafisha mikono yake baada ya kupaka. Alichukua kitambaa, akakichovya kwenye mafuta ya taa, akamsugua paka miguu mpaka ikawa safi. Alijiona fundi kamili.

Kabla ya jioni, Mkaguzi alikuwa amejilaza chini ya kiti cha Bibi. Alijilamba miguu, akakohoa, akajilamba tena. Udenda ulimtoka mdomoni. Alipojaribu kusimama, aliyumba.

"Mama! Njoo! Mkaguzi ana nini?"

Mama alimfunga kwenye taulo, wakakimbia naye hadi kwa daktari wa mifugo aliyekuwa mtaa wa pili. Njia nzima Chiriku alikuwa akimwazia Bibi akirudi na kukuta dirisha jipya lisilo na paka.

Daktari, mwanamke mwenye miwani, alimpima Mkaguzi haraka haraka.

"Amelamba rangi?"

"Ndiyo, daktari. Alikanyaga rangi mbichi," Mama alijibu.

"Basi, huenda nikamtapisha. Kuna kingine chochote?"

Mama alitikisa kichwa. Chiriku angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemwona. Lakini paka alikohoa tena, na maneno yakamtoka yenyewe.

"Nilimsafisha kwa mafuta ya taa! Daktari, nilidhani namsaidia. Babu alikuwa akisafishia mikono."

Daktari aliacha alichokuwa akifanya. "Afadhali umesema, binti. Ningemtapisha, mafuta hayo yangeweza kuingia kwenye mapafu, na hapo tungempoteza."

Alimwosha Mkaguzi miguu kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akampa dawa, akasema atabaki naye mpaka pumzi itulie. Chiriku alilia hadharani, wala hakuona haya.

Bibi aliporudi, Mkaguzi alikuwa amesharuhusiwa, mnyonge bado lakini mzima. Mama alimweleza kila kitu. Bibi alisikiliza, kisha akaguna.

"Jamani, lile kopo! Marehemu mwenzangu hakuliweka ili alitumie tena. Ile ni rangi ya mafuta ya zamani sana, yenye sumu ya madini ya risasi. Aliliweka liwe sampuli, apeleke dukani wamchanganyie bluu kama ile kwa rangi ya maji. Hakuwahi kwenda, ndiyo hivyo tena." Akamsugua Mkaguzi kichwani. "Na kila alipopaka, alimfungia Mkaguzi jikoni kwanza. Alimwambia, 'Leo huna kazi, bwana mkubwa.' Nyinyi mlikumbuka kopo, mkasahau hilo."

Kesho yake walikwenda wote watatu dukani wakiwa na kipande cha rangi iliyobanduka. Muuzaji aliwachanganyia rangi ya maji isiyo na madini ya risasi wala harufu kali. Mama alifuta vumbi lote la zamani kwa kitambaa chenye unyevu, kisha wakapaka upya juu ya ile ya kwanza. Mkaguzi alikaa jikoni mlango ukiwa umefungwa, akilalamika kama mtu aliyefukuzwa kazi, mpaka rangi ikakauka kabisa na chumba kikapata hewa.

"Chiriku," Bibi alisema walipokuwa wakingoja, "kumpenda mtu si kufanya kila alichofanya. Babu yako naye alikuwa akijifunza. Anayelala chini na kujilamba, huyo ndiye wa kufikiriwa kwanza unapochagua rangi. Na ukikosea, sema upesi. Mdomo wako umemwokoa paka wangu."

Mlango wa jikoni ulipofunguliwa, Mkaguzi alikuja polepole. Alinusa ukuta, akanusa miguu ya kiti, akaruka juu ya ukingo wa bluu. Akaunusa kutoka mwanzo hadi mwisho, akajikunja, akalala.

Bibi alipitisha kidole kwenye mbao laini. Safari hii hakunyamaza.

"Haya, mjukuu wangu," alisema, "mwaga habari."