Maziwa Aliyoyakataa Kokuberwa

Lori la kupeleka vibarua Buganda lilikuwa linanguruma sokoni Nyaishozi, vijana wamebanana juu yake kama mikungu ya ndizi, Kokuberwa alipoambiwa kwamba Muhangi yumo. Sindano ya cherehani ikamchoma kidole.

"Nani kakwambia?"

"Nimemwona kwa macho yangu," alisema Komujuni, shoga yake. "Kanzu nyeupe, begani blanketi wanalogawiwa vibarua. Nikamtania, 'We mchunga ng'ombe, Buganda utachunga nini?' Hata hakucheka."

Walioenda Buganda wengine hawakurudi. Kokuberwa alilijua hilo.

Yeye na Muhangi walikuwa wamekutana sokoni hapo, masika ya 1953. Ng'ombe wa Muhangi walimpitia, wakamwaga kikapu chake cha maharage.

"Samahani, mtoto wa migomba."

"Samahani hailiwi! Okota!"

Kijana akaokota moja moja, ng'ombe wakimpotea. Tangu hapo hakukosa Jumba la Vijana alikojifunza Kokuberwa, nyumba ya udongo iliyoezekwa bati, ambamo Mwalimu Placidius aliwafundisha wavulana useremala, wasichana ushonaji, na wote kusoma. Hapakuwa na mahali pengine ambapo mtoto wa mkulima na wa mfugaji wangekaa benchi moja bila wazee kuuliza kulikoni.

Basi Jumamosi iliyopita Muhangi alileta maziwa katika chombo cha mti kilichofukizwa, akampa Kokuberwa mbele ya wote. Kila mtu alielewa maana yake: anamchumbia. Kokuberwa akarudi nyuma.

"Leo siwezi."

Wavulana wakaguna. Muhangi akafunika chombo, akatoka.

Kumbe mchana ule jumba zima lilikuwa limekula maharage. Kwa wafugaji, aliyekula maharage asinywe maziwa siku hiyohiyo, ng'ombe watadhurika. Kokuberwa alidhani Muhangi ameiona sufuria. Muhangi alikuwa amechelewa, hakuona kitu. Aliona amedharauliwa tu.

Sasa lori likaondoka. Kokuberwa alimwendea mwalimu huku akilia, akamweleza kwa maneno yaliyokatikakatika. Placidius akatupa randa.

"Nimewafundisha kupiga randa, nikasahau kuwafundisha kuulizana! Panda baiskeli."

"Baba akiniona nyuma ya mwanamume?"

"Baba yako nitamsalimu mimi. Panda!"

Barabara ilizunguka kilima. Wao wakakata kwa njia ya miguu, katikati ya mibuni, baiskeli ikirukaruka, gauni lake la maua likinasa kwenye matawi. Kila walipolisikia lori kwa mbali, alihisi limekwisha pita. Walilikuta kwenye daraja la magogo, dereva ameshuka kukagua kama magogo yatalibeba.

"Muhangi!" alipiga kelele. "Nilikuwa nimekula maharage!"

Lori zima likaangua kicheko.

"Shuka, bwana! Unaitwa kwa maharage!"

Muhangi peke yake hakucheka. "Maharage gani?"

"Ya Jumamosi! Pale jumbani! Ningewadhuru ng'ombe wako!"

Dereva akarudi kwenye usukani. Injini ikawaka.

"Mbona hukusema?" aliuliza Muhangi.

"Mbona hukuuliza?"

Gurudumu la kwanza likapanda gogo. Kokuberwa akashika ubao wa nyuma, akawa anatembea na lori.

"Kokuberwa wangu," alisema Muhangi polepole, "leo umekula nini?"

"Tangu asubuhi sijala kitu."

Muhangi akamrudishia blanketi msimamizi wa safari, akaruka.

Walifunga ndoa kanisani mwaka uliofuata. Baba yake Kokuberwa hakuhudhuria. Alikuja kwenye ubatizo wa mtoto wa pili. Muhangi akawa seremala kijijini Mabira, na ng'ombe akabaki nao wachache. Komujuni alikwenda Bukoba kushona, akaolewa hukohuko. Kati ya wale wa lori, karibu nusu walirudi. Mwalimu Placidius alihamishiwa Biharamulo, hakuletwa mwingine. Jumba likafanywa ghala la kahawa, na vijana wa Nyaishozi wakawa wanashinda kwenye baraza za maduka, wakulima huku, wafugaji kule.