Ndege Isiyokuwepo Juu ya Ziwa

Juu ya Ziwa Victoria ndege mbili zilielekeana kwa kasi, na hakuna binadamu aliyeshika usukani wa hata moja. Zilipokaribiana, moja iliinua pua, nyingine ikainamisha yake, zikapishana kama majirani mlangoni. Abiria hawakuweka chini vikombe vyao.

Iliyofanya kazi hiyo ni kikwepeshi, mashine ndogo iliyofungwa katika kila ndege. Kila kikwepeshi kilitangaza kwa redio kilipo na kinakoelekea, kikasikiliza matangazo ya wenzake, kisha kikaiamuru ndege yake ipande au ishuke. Tangu vianze kazi, hakuna ndege zilizogongana. Waongozaji wa ndege wa Mwanza walirudishwa makwao mmoja mmoja, hadi katika mnara wa kuongozea ndege akabaki mhandisi Nyamizi Lubango peke yake, kwa sababu sheria bado ilitaka awepo mtu. Siku nzima iliweza kupita bila yeye kutamka neno.

Ni Nyamizi aliyegundua udhaifu wa kikwepeshi: kiliamini kila kilichosikia. Hakikuweza kumwuliza msemaji, wewe ni nani? Mtu mwenye redio angeweza kutangaza ndege isiyokuwepo, na ndege halisi ingeikimbia. Alimweleza Rugemalira, mkurugenzi wa Shirika la Anga la Maziwa.

"Dada Nyamizi, nani ataidanganya ndege, na apate nini?"

"Sijui atapata nini, Mkurugenzi. Najua kwamba anaweza."

"Basi akitokea, tuambie."

Alitokea asubuhi moja ya mawingu. Ndege iliyotoka Bukoba ilikuwa inakaribia kutua Mwanza ilipozama ghafla, ikatulia, ikazama tena. Kioo cha mnarani, kinachopokea matangazo ya vikwepeshi, kilionyesha ndege nyingine juu yake, ikiikandamiza. Nyamizi akageukia rada ya zamani, ile inayorusha mawimbi na kusubiri yarudi yakiwa yamegonga kitu. Rada haisikilizi maneno ya mtu. Ilionyesha ndege moja tu.

Ndani ya kila ndege kulikuwa na mlinzi wa safari, mtu mmoja aliyekabidhiwa ufunguo wa kuzima kikwepeshi na kuiendesha ndege kwa mkono. Nyamizi akashika redio.

"Ndege ya Bukoba, hapa mnara wa Mwanza. Zima kikwepeshi, kisha upande!"

Ikajibu sauti ya mwanamume: "Mnara? Kumbe bado kuna mtu mnarani?"

"Nipo. Jina lako nani, kaka?"

"Byabato. Mashine inasema kuna ndege juu yangu."

"Hakuna. Mtu anaidanganya."

"Anayeweza kuigiza ndege atashindwa kuigiza sauti ya mwanamke? Nitajuaje kama wewe ni mtu?"

Nyamizi akatazama nje. Miaka mingi hakuna aliyemjua kwa sauti. Nje ya dirisha, tumbo la ndege likachomoza chini ya wingu, karibu mno na maji. Nyuma ya sauti ya Byabato watu walikuwa wakilia.

"Una hakika hakuna ndege humo winguni?" Byabato aliuliza.

"Sina hakika kamili. Rada yangu imezeeka, na mara nyingine inakosea. Lakini maji yaliyo chini yako nayaona kwa macho yangu."

"Mashine haijawahi kuniambia kwamba haina hakika," alisema Byabato, akazungusha ufunguo, akavuta usukani.

Ndege ilipanda, ikamezwa na wingu. Nyamizi alisimama amekumbatia redio, akisubiri mshindo. Haukuja. Ndege ikatokeza upande wa pili, ikazunguka, ikatua.

Bibi mmoja aliyeitwa Koku, aliyekuwa amefungua mkanda ili ampishe jirani yake, alivunjika shingo ndege ilipozama mara ya pili, akafa. Alikuwa safarini kumwona mjukuu aliyezaliwa karibuni. Mdanganyifu hakupatikana.

Shirika lilivipa vikwepeshi alama za siri, ili kila kimoja kiweze kumtambua mwenzake wa kweli. Rugemalira alipanda mnarani mwenyewe.

"Dada, kama kweli ingekuwepo ndege mle winguni?"

"Wangekufa wote, na mimi ndiye ningekuwa nimewaua."

Mkurugenzi akaaga, akashuka ngazi.

Baada ya hapo redio ilianza kuita. Walikuwa walinzi wa safari, kila mmoja peke yake katika chumba cha mbele cha ndege yake, wala hawakuwa na shida yoyote. Mashine zao zilikuwa zimewaambia kwamba anga ni salama, na zilisema kweli.

"Mnara, upo?"

"Nipo."

Kisha hawakusema kitu, wala hawakukata. Nyamizi aliwasikia wakipumua hadi ndege zao zilipopita upeo wa redio, mlio mkavu ukabaki sikioni mwake.